Wasiwasi unaorudiarudia: Maradhi yanayofichwa majumbani

MTU anayefunga mlango usiku, kisha akarudi mara moja kuhakikisha, hana maradhi yoyote. Lakini yuko anayerudi mara ishirini, akigusa kufuli na kuhesabu hadi usiku wa manane, ilhali anajua fika kwamba mlango umefungwa.

Huenda huyo anaugua maradhi ya akili ambayo wataalamu huyaita kwa kifupi OCD. Hukadiriwa kuwapata kati ya mtu mmoja na watatu katika kila mia moja wakati fulani maishani, na aghalabu huanza utotoni au ujanani.

Mwanzo wake ni wazo, picha au shaka inayojipenyeza akilini na kuleta hofu kubwa. Mgonjwa hujihisi amelazimika kutenda jambo ili hofu hiyo itulie: kunawa, kukagua, kuhesabu, kutubu au kuuliza swali lile lile. Hofu hupoa kwa dakika chache, kisha hurejea. Vitendo hivyo vikimla mtu zaidi ya saa moja kwa siku, au vikimharibia kazi na masomo, hiyo si tabia ya kupenda usafi tena.

Wakazi wa Pwani waliijua hali hii zamani. Kwao, mwenye wasiwasi si mtu mwenye hofu tu, jinsi neno hilo litumikavyo sana bara. Ni pia yule anayerudia udhu au takbiri kwa kushuku kuwa hakutimiza. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na tabibu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 934, aliandika kuhusu mawazo ya aina hiyo yanayomganda mtu. Wanazuoni wa fiqhi nao walimshauri mwenye wasiwasi aipuuze shaka, asirudie.

Ushauri huo unakaribiana mno na tiba ya kisasa, ambayo mwanasaikolojia Victor Meyer aliieleza nchini Uingereza mwaka wa 1966. Mgonjwa huelekezwa hatua kwa hatua kukikabili anachokiogopa, huku akijizuia kufanya kile kitendo chake. Hushika kitasa cha mlango, asinawe. Hofu hupanda, kisha hushuka yenyewe.

Zipo pia dawa, kama vile fluoksetini na klomipramini. Huweza kuchukua hadi majuma 12 kabla ya kuleta nafuu, na wengi huziacha mapema wakidhani zimeshindwa.

Penye ugumu hasa ni nyumbani. Mke anayemjibu mumewe mara thelathini kwamba gesi imezimwa anafanya hivyo kwa huruma, lakini kila jibu huyalisha maradhi. Kumgombeza au kumcheka nako hakufai kitu. Lifaalo ni kukubaliana naye, ikiwezekana mbele ya mtaalamu, kwamba majibu hayo yatapunguzwa kidogo kidogo.

Wengine hawasemi kamwe. Mama aliyejifungua huweza kuingiwa na wazo la kumdhuru mwanawe, akaogopa hata kumwogesha. Katika maradhi haya, wazo hilo humtisha kwa sababu linapingana na mapenzi yake kwa mtoto. Si dalili kwamba atalitenda. Akilifichua na kuambiwa ana pepo, hatalitaja tena.

Hospitali ya Mathari, Nairobi, imehudumia wagonjwa wa akili tangu 1910, lakini si lazima kila mtu asafiri huko. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka wa 2022 yamezipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hizi. Anayekwenda kliniki aeleze waziwazi ni mawazo gani yanayomjia, hufanya nini ili yatulie, na ni saa ngapi humpotea kila siku. Daktari asiyeambiwa hayo huenda akatibu kukosa usingizi pekee.