Kunguni na Nyumba ya Vyumba Sita

Nyumba iliyoenea katika Temeke, Magomeni na Kinondoni, tangu vitongoji hivyo vya Dar es Salaam vilipopimwa viwanja katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, ni ile iitwayo nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu, na nyuma ua wenye jiko na choo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, na vilivyosalia huvipangisha. Basi chini ya paa moja hulala jamaa kadha zisizo na udugu, zikitengwa na kuta ambazo zamani zilikuwa za miti na udongo. Ukuta wa namna hiyo humsitiri mtu na macho ya jirani, haumzuii kunguni.

Kunguni wa pwani, ambaye wataalamu humwita Cimex hemipterus, hana mbawa za kurukia. Huenda kwa miguu, au huchukuliwa ndani ya godoro, mkeka na mizigo ya mgeni. Mchana hujificha katika nyufa, matendegu, mifumbati na kamba za kitanda. Usiku hutoka kunyonya damu. Kabla ya kukomaa hujivua ngozi mara 5, na kila mara sharti apate damu kwanza. Akiikosa aweza kustahimili miezi. Hajulikani kuwaambukiza watu maradhi. Madhara yake ni mwasho, kukosa usingizi, na fedheha; na fedheha hiyo ndiyo msaada wake mkubwa, kwani mpangaji huona haya kusema, na akisha kusema wadudu wamekwisha hamia chumba cha pili.

Dawa ya wazee ilikuwa kazi ya mikono. Kitanda kilitolewa uani, kikagongwa, kikamwagiwa maji yanayochemka. Magodoro na mikeka ikaanikwa juani. Nyufa zikazibwa kwa udongo au chokaa. Kazi hiyo ilichosha, tena ilitaka kurudiwa.

Kisha zikaja dawa za viwandani. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT huua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Wengi walidhani kunguni amekwisha. Lakini mafunzo yaliyo wazi kabisa kwa nchi hii yalitoka mbali na Dar es Salaam, huko Upare, ambako kati ya 1955 na 1959 nyumba zilinyunyizwa dieldrin ili kuua mbu wa malaria. Mwaka 1958 ilikwisha tangazwa kwamba kunguni wa huko hawadhuriki tena na dawa hiyo. Dawa iliwaua walio dhaifu. Wachache waliosalimika wakazaa, na watoto wao wakarithi uwezo wa wazazi.

Jambo hilo lilitokea tena. Vyandarua vilivyotiwa dawa ya jamii ya pareto ya viwandani vilipoletwa vijijini, kunguni walipungua, na watu wakavipenda kwa sababu hiyo. Mwaka 2002 watafiti wakaeleza kwamba katika vijiji vya mkoa wa Tanga, vilivyotumia vyandarua hivyo kwa miaka, kunguni walikuwa wamepata usugu. Hasara yake yaweza kupita ile ya usingizi. Mbu aliyekufa haonekani sana, lakini kunguni aliyerudi humwuma mtu kila usiku. Naye ni rahisi kuhukumu kwamba chandarua hakina faida, akakiacha, na malaria ikapata mlango.

Joto halikushindwa kama dawa zile. Maji yanayochemka humwua kunguni na mayai yake, na kila kizazi huyakuta yaleyale. Udhaifu wa njia ya wazee haukuwa katika maji, bali katika upweke wa aliyeyachemsha. Mpangaji mmoja akisafisha chumba chake huku vitano vimenyamaza, baada ya majuma machache kunguni watapita tena penye ufa. Vyumba vyote sita vikitolewa vitanda siku moja, nguo zikifuliwa kwa maji ya moto, nyufa zikazibwa, na kazi ikarudiwa baada ya mayai yaliyosalia kuanguliwa, mdudu hana pa kuhamia. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa kunguni wa nyumba ya kupanga, usemi huo ni kanuni ya kazi. Na mwanzo wa kazi ni mtu mmoja kusema ukumbini, bila haya, kwamba wamo.