Kishada cha rodi kilichowapotosha wakemia kwa miaka 20

GESI ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ndiyo iliyowapa wakemia jamii ya kampaundi zenye maumbo ya kustaajabisha. Gesi hiyo ni kaboni monoksidi. Katika damu hung'ang'ania chuma kilichomo ndani ya himoglobini, ikazuia oksijeni isibebwe. Maabarani nako hushikamana na metali na kuunda kampaundi ziitwazo kabonili.

Mwaka 1890, nchini Uingereza, Ludwig Mond, Carl Langer na Friedrich Quincke walitangaza kabonili ya nikeli: kioevu kisicho na rangi, chenye sumu kali, kinachochemka kwenye nyuzijoto 43 tu. Kikipashwa moto zaidi huvunjika na kuacha nikeli safi. Kwa njia hiyo kiwanda cha Clydach, Wales, kilianza kusafisha nikeli mwaka 1902.

Kabonili hiyo ina atomi moja tu ya metali. Kishada hupatikana pale atomi tatu au zaidi za metali zinaposhikana zenyewe kwa zenyewe, huku molekuli za kaboni monoksidi zikizizingira. Mfano ni kishada cha osmi, ambacho hutengenezwa kwa kupasha moto oksidi ya osmi ndani ya kaboni monoksidi yenye mgandamizo mkubwa. Atomi zake tatu hufanya pembetatu, na kila moja hubeba molekuli nne za gesi.

Kisa cha rodi ndicho kinachofundisha zaidi. Mwaka 1943 Walter Hieber na Lagally, nchini Ujerumani, walieleza kabonili waliyodhani ina atomi 4 za rodi na molekuli 11 za gesi. Uchambuzi wa kawaida usingeweza kuwasahihisha kwa urahisi. Mwaka 1963 Lawrence Dahl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walipitisha eksirei kwenye fuwele yake na kukuta atomi 6 na molekuli 16. Uwiano wa kwanza ni molekuli 2.75 kwa kila atomi, wa pili 2.67, tofauti ndogo mno, ingawa umbo ni jingine kabisa. Atomi hizo sita zimekaa kama piramidi mbili zilizounganishwa kwenye kitako. Molekuli 12 zimeshika atomi mojamoja, na nne zilizobaki kila moja imekalia atomi tatu kwa pamoja.

Ugunduzi huo ulizua swali jingine. Kanuni iliyozoeleka huipa kila atomi ya metali elektroni 18, zikiwemo zile inazochangia na jirani zake. Pembetatu ya osmi huitii kwa elektroni 48. Kwa kishada cha rodi hesabu hiyo hudai 84, lakini zilizopo ni 86. Maelezo ya kuridhisha yalitokana na kazi ya Kenneth Wade wa Uingereza, mwaka 1971, aliyekihesabu kishada kizima kama kitu kimoja badala ya kuhesabu kifungo kimoja kimoja.

Vishada hivi havikai kimya. Hidrojeni ikipulizwa ndani ya oktani inayochemka yenye kishada cha osmi, molekuli mbili za kaboni monoksidi huondoka, atomi mbili za hidrojeni huingia, na rangi ya manjano hugeuka zambarau. Kazi hiyo hufanywa ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa, kwa sababu gesi inayotoka ni ileile ya jiko la mkaa.