Treni na Mashine ya Kusaga

Habari ya treni inapozungumzwa, swali la kwanza la wengi huwa ni mwendo: je, inakimbia kiasi gani? Mimi niliyetumia miaka yangu katika chuo cha ualimu naona liko swali lililo zito zaidi. Nguvu inayoivuta treni hiyo inatoka wapi, nayo inamfaa nani mwingine?

Sisi watu wa Buha tuna sababu ya kuuliza. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914. Vichwa vyake vya mvuke vilibeba tumboni moto wao na maji yao. Vijana wa Kasulu na Kibondo walishuka milimani wakapanda treni hiyo, wakaenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Treni ilichukua watu ikaenda zake. Nguvu yake haikuwasha taa ya mtu yeyote njiani.

Sasa twende Hungaria, ndugu msomaji, kwa mhandisi Kálmán Kandó, aliyezaliwa mwaka 1869. Akiwa katika kiwanda cha Ganz cha Budapest, alibuni treni za umeme za reli ya Valtellina, kaskazini mwa Italia, iliyofunguliwa mwaka 1902. Zilitumia umeme wa fezi tatu wa volti 3,000. Mota za fezi tatu ni imara, kama ajuavyo kila mwenye mashine ya kusaga kijijini. Lakini treni ile ilihitaji nyaya mbili juu, na reli yenyewe ikawa njia ya tatu. Penye njia panda za reli, nyaya hizo zilikuwa taabu tupu.

Nchi kama Ujerumani, Uswisi na Sweden zilishika njia nyingine: waya mmoja, lakini wenye umeme wa mizunguko 16 na theluthi mbili kwa sekunde. Huo si umeme wa viwandani na majumbani, kwa hiyo reli ilihitaji mitambo yake ya pekee. Kandó alikataa mgawanyiko huo. Alitaka treni inywe katika chungu kile kile cha wananchi, yaani umeme wa kawaida wa mizunguko 50.

Akaweka ndani ya kichwa cha treni mtambo mzito unaozunguka, unaopokea fezi moja kutoka waya mmoja na kutoa fezi nyingi kwa ajili ya mota moja kubwa. Mota hiyo ilisukuma magurudumu kwa vyuma virefu, kama vya injini ya mvuke. Dereva alipata mwendo wa hatua nne: kilomita 25, 50, 75 na 100 kwa saa. Majaribio yalianza mwaka 1923. Kichwa kilichoitwa V40 kiliingia kazini mwaka 1932, katika reli ya Budapest hadi Hegyeshalom, kwa volti 16,000. Kandó alikuwa amefariki Januari 1931.

Wazo lake halikuzikwa naye. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma Julai mwaka huo, inatumia waya mmoja wa volti 25,000 wenye mizunguko ile ile 50, kutoka gridi ya taifa. Mtambo mzito wa Kandó umeachia nafasi vifaa vidogo vya elektroniki, lakini kazi ni ile ile.

Mkataba wa kujenga reli hiyo kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilitegemea jenereta za dizeli, na mwenye mashine ya kusaga aliyajua machungu yake. Basi wanaopanga nguzo za treni wakumbuke kwamba umeme wake ni ule ule wa mashine ya kusaga ya Nyakitonto, wa zahanati na wa bweni la shule. Hakuna sababu ya kihandisi ya kuvitenganisha. Treni ya pili isipite kama ya kwanza, ikichukua vijana na kuacha giza.