UZI: Gari la GK linakula pesa ngapi kwa kilomita?

1/ Kila msimu wa bajeti wimbo ni uleule. Huyu anasema serikali ina magari mengi mno, yule anajibu kwamba wananchi hawafikiwi kwa miguu. Wote wanahesabu magari. Kilomita hazitajwi.

2/ Turudi Juni 2009. Bajeti ilitangaza kwamba mawaziri watumie magari ya injini isiyozidi sisi 1800. Makubwa yarudishwe. Zikaletwa Volkswagen Passat, na kelele zikaanza: eti hizo gari haziwezi barabara za mashinani.

3/ Nia ilikuwa kubana matumizi, sawa. Lakini ukubwa wa injini unakuambia gari linaweza kunywa kiasi gani tu. Haukuambii limekunywa kiasi gani, wala lilienda wapi.

4/ Mfano wa kubuni. Gari kubwa limetumia 200,000 kwa mwezi, likaenda kilomita 2,000: shilingi 100 kwa kilomita. Dogo limetumia 90,000, likaenda kilomita 300: shilingi 300. Ukiangalia bili pekee, utalaumu lile kubwa.

5/ Hapo usikimbilie kusema wizi. Bima hulipwa hata gari likisimama, kwa hivyo gari lisilotembea lazima lionekane ghali. Labda halihitajiki. Labda limekaa gereji. Au labda mafuta yananyonywa. Hesabu inakuonyesha pa kuuliza.

6/ Na si ati serikali haijui kipimo hiki. Mbunge hudai marupurupu ya usafiri kwa kilomita. Dereva wa GK naye ana tikiti ya kazi: safari ya wapi, nani ameidhinisha, mita inasoma ngapi akitoka na akirudi.

7/ Katiba ya 2010, Kifungu 229, inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha atoe ripoti. Tangu 2013 kaunti nazo zina magari yao. Sasa, tikiti ikikosekana kwenye faili, mkaguzi anaona lita zilizolipiwa lakini haoni safari.

8/ Hii si mambo ya makarani peke yao. Mafuta ya ambulensi na ya gari la mkubwa hutoka kwa kodi ileile. Ambulensi ikikwama, mama mjamzito ndiye hulipa.

9/ Kwa hivyo mwanasiasa akikuahidi "tutapunguza magari", muulize maswali matatu: yalienda kilomita ngapi? Kila moja iligharimu ngapi? Tikiti ziko wapi?