Ugeni na Wenyeji Katika Kilima cha Makerere

Mwaka 1922, vijana 14 walipoanza kujifunza useremala, ujenzi na umakanika katika skuli ya ufundi iliyofunguliwa juu ya kilima cha Makerere, mjini Kampala, hapakuwa na haja ya kumfunza mtu yeyote adabu za ugeni. Maana walikuwa wanafunzi wa kutwa, ambao kazi ya mchana ilipokwisha walirejea kulala kwa watu wao. Shughuli ya kumpokea mwanafunzi mpya, kumlaza, kumlisha na kumwingiza katika jamaa ya wasomi ilizaliwa baadaye, skuli hiyo ilipopata hadhi ya chuo na kuanza kukusanya vijana wa nchi za mbali. Na kwa rai yangu, yaliyotendeka katika dakhalia za Makerere yana uzito katika tarehe ya Afrika ya Mashariki usiopungua ule wa yaliyofundishwa madarasani.

Kabla ya reli kufika Kampala mwaka 1931, msafiri aliyetoka Mombasa alishuka Kisumu, akavuka ziwa kwa meli hadi Port Bell, ndipo akapanda kuingia mjini. Na Mtanganyika aliyepitia Mwanza au Bukoba aliendelea kuitegemea meli hata baada ya hapo. Tume ya Earl De La Warr ya mwaka 1937 ndiyo iliyoshauri Makerere iwe chuo cha juu cha Afrika ya Mashariki nzima, na tangu hapo kijana wa Unguja, wa Tabora, wa Nyeri na wa Acholi wakawa watu wa nyumba moja. Mwaka 1949 chuo kikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, na pamoja na shahada za Kiingereza zikaja desturi za Kiingereza: joho jekundu la mwanafunzi, meza kuu waliyokalia walimu wakati wa chakula cha jioni, na mlezi wa dakhalia ambaye idhini yake ilihitajika kwa mambo mengi ambayo mtu mzima nyumbani kwake hayaombei idhini ya mtu.

Mgeni wa pwani alipatwa na mitihani miwili zaidi, ambayo hakuna msahihishaji aliyeitolea alama. Wa kwanza ulikuwa wa sahani: aliyelelewa kwa wali wa nazi na samaki alikabiliwa na matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, chakula ambacho kwa Mganda ndicho chakula hasa na vingine ni vitafunio tu. Wa pili ulikuwa wa ulimi. Maana Kiswahili kilichomtumikia njia nzima tangu bandarini, kilipofika Buganda kilihesabiwa na wengi kuwa maneno ya askari na vibarua, hivyo dakhaliani akazungumza Kiingereza, na aliposhuka sokoni Wandegeya akajifunza Kiganda cha kununulia ndizi, apende asipende.

Haishangazi, basi, kwamba jambo la kwanza alilolitafuta mgeni lilikuwa jamaa zake. Julius Nyerere, aliyezaliwa mwaka uleule ilipofunguliwa skuli ile ya ufundi, alifika Makerere mwaka 1943 kusomea ualimu, na haukupita muda mrefu yeye na wenzake, akina Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, walikuwa wameunda chama cha kuangalia maslahi ya Watanganyika. Wako wanaoona katika vyama vya namna hiyo mbegu ya siasa tu. Mimi naona kwanza kiu ya watu walio mbali na kwao, ambayo siasa ilikuja kunywea kisima chake.

Na kama iko dalili ya hakika kwamba mgeni amekwisha kuwa mwenyeji, dalili hiyo ni kulalamikia chakula, kwa sababu mgeni hula anachopewa na kushukuru. Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa ajili ya chakula, na miongoni mwa waliofukuzwa alikuwa Abu Mayanja, ambaye mwaka huohuo alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha Uganda National Congress. Akaishia kwenda kusoma Cambridge, adhabu ambayo wengi wangeiombea dua.

Wanawake sita wa kwanza walikuwa wameingia mwaka 1945, wakakuta chuo ambacho wito wake ulikuwa kuwahimiza watu wawe wanaume. Wito huo ulibadilishwa, ukawa wa kujenga kwa ajili ya wakati ujao, na makao ya wanawake yakaja kuitwa Mary Stuart, ingawa wanafunzi wanayajua zaidi kwa jina la Box.

Majina ya dakhalia yana simulizi zake. Iliyoitwa Northcote ilipewa baadaye jina la Martin Luther Nsibirwa, Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda aliyeuawa kwa risasi Namirembe, Septemba 1945, mara tu baada ya baraza la Buganda kupitisha sheria iliyowezesha chuo kupata ardhi ya kujipanua. Zikaja Lumumba na Nkrumah, na mwanafunzi mpya akawa anarithi siku ya kwanza udugu na uhasama asioujua asili yake: wa Lumumba wakaungana na wa Mary Stuart wakajiita Lumbox, wa Livingstone na wa Africa Hall wakawa Afrostone.

Ushirika wa nchi tatu katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, ulioanza 1963, ulivunjika 1970, na treni za wanafunzi wa kigeni zikapungua. Serikali iliendelea kumlaza na kumlisha mwanafunzi na kumpa posho juu yake, mpaka fedha zilipopunguzwa. Desemba 1990 wanafunzi wawili walipigwa risasi wakafa katika machafuko ya kudai haki hizo. Miaka michache baadaye milango ikafunguliwa kwa wanaojilipia, idadi ikazidi vitanda mara nyingi, na wenye viwanja wa Kikoni, mtaa wa jirani, wakajenga hosteli za ghorofa kwa ghorofa. Siku hizi mwanafunzi mpya huandikishwa katika dakhalia fulani, akapiga kura kwa jina lake na kuimba nyimbo zake, na pengine akamaliza miaka mitatu bila kulala humo hata usiku mmoja, huku anayempokea na mizigo yake, akamwonyesha chumba na kumtajia masharti, ni mwenye hosteli, ambaye hudai kodi ya muhula kabla ya kukabidhi ufunguo.