Msitu wa Karura na Majirani Zake

Kaskazini mwa mji wa Nairobi uko msitu uitwao Karura, wenye hekta zipatazo 1,000. Serikali iliutangaza kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Walakini katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi wapate kujenga, na miti ikaanza kuangushwa.

Ndipo Bibi Wangari Maathai na wenzake wa chama cha Green Belt Movement walipoingia na miche mikononi; silaha nyingine hawakuwa nayo. Tarehe 8 Januari 1999, walipokwenda kupanda miti langoni, walishambuliwa na kundi la wanaume, naye Bibi Wangari akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana kwa hasira, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule Rais Moi akakataza kugawa ardhi ya umma.

Lakini twaona ya kuwa kuuokoa msitu ni jambo moja, na kuutunza ni jambo jingine. Miaka kumi baadaye Karura palikuwa bado pahali pa hofu, kwa ajili ya wanyang'anyi na wakata miti. Mwaka 2009 wakazi wakaunda chama cha Friends of Karura, wakashirikiana na idara ya misitu. Wakachanga fedha za ua wa umeme, wakang'oa mimea ya kigeni, wakapanda miti ya asili. Vijana wa kijiji cha Huruma, kilicho ukingoni, wakafundishwa kazi ya ulinzi. Kwani nani azijuaye njia za msitu kuliko jirani yake? Mwaka 2011 malango yakafunguliwa, na watoto wakatembea katika njia zile walizoziogopa wazazi wao.