Povu, laser ao kisu? Historia ya mishipa ya miguu

Ba promo, wamama wenye kusimama sokoni Butembo siku muzima wanajua ile mishipa yenye kuvimba mguuni. Ndani, vilango vinavyozuia damu kurudi chini vimelegea, kama mufereji wenye mulango mubovu. Tangu Babcock, 1907, daktari alikuwa anapasua na kuvuta mushipa muzima kwa waya. Mwisho wa miaka ya 1990 zikaja laser na mawimbi ya redio: zinaunguza mushipa kutoka ndani, lakini zinaomba mashine ya bei. Karibu na 2000 Tessari, Muitalia, akatengeneza povu kwa seringe mbili na robine ya njia tatu. Ekografi peke yake ndiyo mashine! Ni kweli, mushipa wa povu hufunguka tena mara nyingi kuliko wa laser. Lakini Uingereza, 2013, waliweka povu ya pili, mbele ya kisu. Kwetu Rughenda mimi ningeanzia kwa povu.